Bia ya Kupikia Hatuna

Wanaoandika mapishi ya bia ni watu wa mbali, na sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kununua bia moja Makutupora. Wanaandika kwa wepesi tu: mimina kikombe kimoja cha bia juu ya nyama. Basi. Hawasemi mama mwenye watoto, anayeimba kwaya, bia hiyo ataitoa wapi saa nne asubuhi, ataibebaje hadi nyumbani, na ile nusu chupa inayobaki atampa nani.

Kijana wa grosari ya mtaani kwetu ana adabu zake. Aliniamkia vizuri, kisha akauliza, "Ya baridi au ya moto, mama?" Nikamwambia nataka ya kupikia. Akatazama friji, akatazama kreti zilizopangwa ukutani, akafikiri, akasema hiyo hawana, labda nijaribu mjini, Majengo. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi na chupa yake akadakia kwamba hata yeye hunywa ya kupikia, humpika taratibu mpaka jioni.

Nikachukua ya moto. Kumbe bia haitoki dukani peke yake: ama uache chupa nyingine tupu, ama uache pesa ya chupa. Mimi chupa tupu ya bia ningeitoa wapi? Nikaacha pesa. Halafu ikaja habari ya kuibeba. Zamani kulikuwa na mfuko mweusi wa rambo, ambao ulifunika mengi katika nchi hii. Mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku Juni 1, 2019, na kwa kweli mitaro imepona, mbuzi wamepona, ila siri za watu zimebaki hazina pa kujisitiri. Kijana akaifunga chupa yangu kwa gazeti. Sijui nani alimdanganya kwamba gazeti linaficha. Kwetu kitu kilichofungwa kwa gazeti, chenye shingo nyembamba, hata mtoto wa chekechea anakijua. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimesalimiwa na watu ambao kwa kawaida hawanisalimii.

Wazo lenyewe lilikuwa la baba watoto. Alikwenda semina Arusha, hotelini akalishwa nyama iliyopikwa kwa bia, akarudi ana jambo la kutufundisha. Baba yake mdogo na mkewe walikuwa wanakuja kututembelea kutoka Dar es Salaam, akaona ndiyo nafasi. Nilimkumbusha kwamba baba mdogo ni mzee wa kanisa. Akasema kilevi hupeperuka chote motoni, amesoma. Mwanamume akishasema amesoma, mwache asome na matokeo.

Nyama ilikuwa ya mbuzi wa mnada wa Msalato, wa Jumamosi. Mbuzi wa Msalato huja mnadani kwa miguu yake kutoka mbali, na mwendo huo wote unaukuta kwenye paja. Tena huku tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 au karibu na hapo, hayangoji 100, kwa hiyo maharage na nyama ngumu hutaka subira kuliko Dar. Nikakaanga vitunguu, nikatia nyama, tangawizi, nyanya, nikamimina chupa nzima, maana ile hesabu ya nusu inayobaki sikutaka kuwa nayo ndani ya nyumba. Povu likapanda mpaka mdomoni mwa sufuria. Jiko zima likanuka baa. Nikafungua madirisha, nalo likawa kosa, kwa sababu jirani akapiga hodi kuuliza kama kuna msiba au sherehe.

Wageni walikuwa wafike mchana kwa treni ya umeme. Hapa lazima nieleze kitu ambacho watu wa Makutupora tumeshakieleza mpaka tumechoka. Kwenye taarifa za habari, miaka yote ya ujenzi wa reli mpya, kipande cha pili kilitajwa kuwa cha Morogoro hadi Makutupora, kilomita 422. Baba mdogo alilisikia jina hilo akafurahi kwamba serikali imeileta reli hadi mlangoni kwa mtoto wa kaka yake. Makutupora hiyo ni ya Manyoni, mkoani Singida. Yetu ni hii ya barabara ya Arusha, kaskazini mwa jiji, ukishapita Msalato na Veyula: Makutupora ya visima vinavyoinywesha Dodoma, ya kambi ya JKT, ya watafiti wa zabibu. Treni ya abiria, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, haiji kwetu kabisa.

Treni ikafika Dodoma, watu wakashuka. Baba mdogo akakataa. Tiketi anayo, Makutupora bado. Alipoelezwa kwamba huo ndio mwisho, akashuka kwa heshima, akatafuta kiti ndani ya stesheni, akaketi na mkewe kungoja treni ya kuunganisha. Simu alikuwa ameizima asimalize chaji. Baba watoto alimkuta jioni bado ameketi hapo, mkoba mapajani, anamweleza mkewe kwamba mambo ya umeme yanataka uvumilivu.

Sufuria nayo ilikuwa motoni muda wote huo. Kila mchuzi ulipokauka nilipunguza mkaa. Nikipunguza mkaa, nyama inakumbuka kwamba ni ya Msalato. Nikiongeza, mchuzi unakauka. Ndipo nikajifunza kwa pua yangu jambo ambalo baba watoto hakulisoma. Ndani ya bia kuna vitu viwili ambavyo havina mpango wa pamoja. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78, kwa hiyo huanza safari mapema. Uchungu unatokana na maua ya hopsi, na huo hauendi popote. Maji yakipungua, wenyewe unabaki na kukolea. Yaani kadiri mchuzi ulivyozidi kuokoka, ndivyo ulivyozidi kutolika. Lau treni ingekuwa ya Makutupora kweli, wageni wangekula nyama tamu yenye dhambi. Saa walizokaa stesheni ziliitakasa kabisa.

Tulipoketi mezani, baba watoto badala ya kuomba baraka ya chakula akatangaza: "Baba mdogo, hii nyama imepikwa kwa bia." Mama mdogo akarudisha kijiko mezani taratibu, akakilaza. Baba watoto akatoa simu, akasoma jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani: chakula kikitokota robo saa, asilimia 40 ya kilevi bado ipo, nusu saa, 35, saa moja, 25, saa mbili na nusu, asilimia 5 tu.

Baba mdogo akaomba kuiona chupa. Ilikuwa dirishani, inangoja kurudi grosari kudai pesa yake. Akavaa miwani, akaigeuza, akasoma lebo kwa sauti: kilevi, asilimia 5. Akatuangalia kwa huruma.

"Mmekaa na jiko tangu mchana," akasema, "mmemaliza mkaa, na bado ni asilimia tano ile ile."

Ilichukua karatasi na kalamu. Chupa ni mililita 500. Asilimia 5 yake ni mililita 25 za kilevi. Asilimia 5 ya hizo 25 ni mililita moja na robo. Kijiko cha chai ni mililita 5. Basi ni robo ya kijiko cha chai.

"Robo ya kijiko," akasema baba mdogo.

"Ndiyo, baba."

"Ya dhambi."

"Ya kilevi, baba."

"Sasa igawanye kwa wote tuliopo hapa."

Ikagawanywa. Akaikagua hesabu, akaikubali, akaombea chakula mwenyewe, akaonja. Dini ilikuwa imepita. Ulimi ndio uliokataa. Akauliza kama tumetia mwarobaini. Nikamwambia hapana. Akasema afadhali tungetia, angalau angejua ni dawa. Usiku ule wageni wa Dar walikula ugali wa uwele na mlenda, wakausifu, na mbwa wa jirani aliyeitiwa ile nyama aliinusa, akakaa mbali nayo, akatutazama.

Baadaye nimekuja kujua kwamba Wabelgiji wana mlo wao maarufu wa nyama ya ng'ombe iliyotokoswa kwenye bia kwa saa nyingi. Lakini wao hutumia bia nyeusi isiyo na uchungu mwingi, vitunguu kwa wingi, sukari kidogo, na juu hufunika na mkate uliopakwa haradali. Hiyo semina ya Arusha haikufika huko. Na jirani yetu, yule wa msiba au sherehe, ambaye ana ekari zake za zabibu na huvuna mara mbili kwa mwaka, alinuna wiki nzima. Kwake kupika na bia katika eneo lenye aina ya zabibu iitwayo Makutupora Nyekundu ni kumtukana usoni. Akatuletea divai ya kwake ya chupa ya plastiki ili tujirekebishe. Tuliitumia kusafishia masufuria. Ilifanya kazi nzuri.

Kwa samaki, bia haikutuangusha. Nilichukua perege wa Mtera, nikachanganya unga wa ngano, chumvi, pilipili manga na bia ya baridi, nikawachovya na kuwakaanga. Hewa ya ukaa iliyomo kwenye bia hutia vipovu ndani ya unga, kilevi hupeperuka haraka ndani ya mafuta ya moto, na ganda linakauka, linalia ukilitafuna. Watoto walilamba vidole. Tatizo lilikuja Jumapili, mwalimu wa shule ya Jumapili alipouliza nani ana jambo la kumshukuru Mungu, na mtoto wetu wa pili akasimama, akaunganisha mikono, akashukuru kwa sababu jana mama alitupa bia tukala mpaka tukashiba. Wanakwaya wenzangu wamekuwa wapole sana kwangu tangu siku hiyo. Mmoja aliniletea kijitabu.

Habari zikafika Mvumi, kwa mama mkwe. Yeye hakuudhika kwamba mkwe wake anapika na pombe. Aliudhika kwamba anainunua. Mtama upo, kimea kipo, mtungi upo, halafu mtu anaacha pesa ya chupa! Akapika ujimbi, akamkabidhi shemeji dumu la lita tano atuletee.

Ujimbi, kwa asiyeujua, ni pombe yetu ya Kigogo ya mtama au uwele, nzito, chachu, na inaendelea kuchacha hata ukishaichuja. Mjuzi hulegeza kifuniko. Shemeji alikilegeza, konda wa daladala, kwa kupenda usafi, akakikaza. Jua la Dodoma likafanya yaliyobaki. Walipofika kati ya Msalato na Veyula kifuniko kikaondoka kwa mshindo, kikagonga paa, na zaidi ya nusu ya dumu ikamfuata kijana wa JKT aliyekuwa anarudi kambini akiwa amepiga pasi mpaka mikunjo inakata. Gari zima likapiga kelele, isipokuwa yeye. Alikaa wima, ujimbi unamdondoka kwenye nyusi, anafikiria lango la kambi. Shemeji ana roho nzuri: aliposhuka naye alimwandikia barua, kwenye karatasi ya daftari, kumthibitishia yeyote anayehusika kwamba kijana huyu hajanywa, amemwagikiwa. Akaweka sahihi na namba ya simu. Hatujapigiwa, tunaomba iwe heri.

Kilichobaki nilikipikia mbuzi, na hapo ndipo nilipowahurumia wote wanaohangaika na chupa. Ujimbi hauna hopsi, kwa hiyo hakuna uchungu wa kubaki. Uchachu wake unalainisha nyama, hata ya Msalato. Wanga wa mtama unafanya mchuzi uwe mzito bila kuhitaji kitu kingine. Machicha tuliyomwagia kuku yalikuwa suala jingine: jogoo aliwika saa nane mchana akakosa pa kuegemea, na mitetea wakalala njiani, bodaboda wakiwazunguka.

Pasaka baba mdogo akaja tena, safari hii kwa basi, maana reli ameisamehe lakini hajaisahau. Mama mkwe alikuwa amehamia jikoni kwangu na mtungi wake, na mimi nilipewa kazi ya kumenya vitunguu. Chakula kikaletwa. Baba mdogo akaonja, akanyamaza, akaonja tena.

"Mmetia ukwaju?"

"Mtama huo, shemeji," akajibu mama mkwe. "Mtama na maji."

Baba mdogo amezaliwa Mvumi, nyumba ya tatu kutoka kwa huyo huyo mama. Akaitazama sahani. "Mtama na maji," akasema. "Halafu?"

"Halafu nikausahau siku chache."

Alifikiri kwa muda ambao mzee wa kanisa anapaswa kufikiri. Nilimwona baba watoto akitafuta kalamu mfukoni. Kisha baba mdogo akaisogeza sahani yake kwa shemeji yake, akamwambia amwongezee, na ule mchuzi wa chini ya sufuria, ulioganda, ampe huo huo.