Mheshimiwa Feni ya Hita

Lucian alimsifu nzi, na al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliwapa mbwa na jogoo mawakili wa kuwatetea kurasa kwa kurasa. Baada ya wakubwa hao, hakuna kiumbe wala kifaa kinachopaswa kuona haya kusifiwa, hata feni ya hita ya gari la zamani lililoegeshwa Al-Nuzha. Na Al-Nuzha ninazozisema ni mbili, kila moja ikiidharau feni hiyo kwa namna yake. Ya Jeddah iko jirani na uwanja wa ndege wa Mfalme Abdulaziz, katika mji ambao usiku wa Januari hauteremki sana chini ya nyuzi joto 20. Huko kuulizia hita ni kualika kicheko. Ya Riyadh iko kaskazini ya mji, kwenye uwanda wa Nejd ulioinuka kiasi cha mita 600 kutoka usawa wa bahari, ambako alfajiri ya Januari hushuka hadi nyuzi 9 na siku nyingine zaidi. Huko hita hukumbukwa wiki chache, kisha husahauliwa mpaka mwaka mwingine. Dai langu ni kwamba katika mitaa hii miwili feni hiyo ndiyo yenye hadhi kuliko kifaa chochote garini, injini ikiwemo.

Shahidi wa kwanza ni Julai, mwezi ambao mchana wa Riyadh hupita nyuzi 43. Kila mtu husifu AC, na akiisifu humaanisha kompresa, ile inayokula pesa na kunguruma chini ya boneti. Lakini katika magari mengi ya zamani yaliyotoka kiwandani na AC, Chevrolet Caprice za miaka ya 1980 zikiwemo, feni inayosukuma hewa ya moto ndiyo hiyohiyo inayosukuma ya baridi. Kompresa yaweza kuchapa kazi mpaka mabomba yakashika barafu; feni ikifa, ubaridi wote hubaki umefungiwa nyuma ya dashibodi na dereva anaendelea kuiva. Anayeapa kwamba Jeddah haihitaji hita huenda anaapa huku kidole kiko kwenye swichi ya feni ya hita.

Shahidi wa pili ni gari linalochemsha. Hita si chochote ila rejeta ndogo: maji yaleyale yanayopoza injini hupita ndani yake, na feni huyapokonya joto na kulimwaga kwa abiria. Ndiyo maana kwenye foleni ya saa nane mchana, mshale wa joto ukipanda, dereva mzoefu huzima AC, hufungua madirisha, huweka hita mwisho na feni kasi ya juu kabisa. Abiria watamwona kichaa. Mshale nao mara nyingi utashuka, au utaacha kupanda kwa muda wa kutosha kutafuta kivuli. (Maji yakiwa yamekwisha, basi, feni haifanyi miujiza.) Atatokea mpinzani aseme kwamba fundi aliitoa mipira ya hita na kuifunga njia, kama wafanyavyo wengi katika nchi za joto, na gari halijapata kulalamika. Ni kweli, halijalalamika. Limenyang'anywa rejeta yake ya akiba kwa kosa la kukosa kazi ya kila siku, na kwa hukumu hiyo tairi la spea nalo litupwe. Sijataja mvua za Jeddah, ambazo ni chache lakini zikija huja kwa fujo, kama za Novemba 2022. Kioo cha mbele kikijaa ukungu wa pumzi za abiria, wa kuufukuza ni feni hiyohiyo.

Pingamizi zito zaidi ni mahali inapokaa. Volvo 240, iliyotengenezwa tangu 1974 hadi 1993, feni yake imezikwa ndani kiasi kwamba wapenzi wa gari hilo hutania kuwa kiwandani waliitundika feni kwanza, kisha wakajenga gari kuizunguka. Kuifikia ni kung'oa redio, vifuniko, mifereji ya hewa na skrubu ambazo moja, kwa kanuni isiyo na fundi wa kuipinga, itabaki mkononi baada ya kila kitu kurudishwa. Lakini mwari naye hatolewi ukumbini kwa kila mpita njia. Tena wakati wa kuitafuta, mwenye gari huona kwa mara ya kwanza nyaya zilizokauka kwa joto, sponji zilizogeuka unga, vumbi la dhoruba zote za Nejd, na waya wa redio uliounganishwa kwa tepu na dua. Kifaa kipi kingine kingemlazimisha kufanya ukaguzi huo? Namhurumia mwenye Caprice: mota yake imefungwa upande wa injini, bolti chache tu, na mtu anarudi nyumbani bila kulijua gari lake.

Wala haifi kwa hiana. Joto likishakausha grisi na vumbi likaingia kwenye bushi, hulia wiki na miezi, asubuhi hasa, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Koili zinazopunguza umeme kwa kasi ndogo zimewekwa makusudi kwenye njia ya hewa, feni izipoze. Mota ikikaza, huvuta umeme mwingi na kupuliza kidogo, koili huungua, na kasi ndogo hupotea. Hubaki ile ya juu kabisa, isiyopitia kwenye koili. Mfanyakazi gani mgonjwa huacha kazi nyepesi akabakiza nzito?

Wapo wanaoshauri kununua mpya badala ya kubadilisha brashi za kaboni na kutia mafuta bushi, na kwa bei ya saa za fundi wana hoja. Wengine huenda tashlihi, kwenye vipuri vya magari chakavu, kuchukua iliyotumika, wakifunga kwa tabu ileile feni yenye umri uleule. Kwa vyovyote, nyaya zisipishane. Zikipishana mota huzunguka kinyume, na hapo feni hii ya duara hutoa hoja yake ya mwisho: hata ikizunguka kinyumenyume bado husukuma hewa kulekule inakotakiwa, kwa unyonge tu, na unyonge huo fundi huugundua dashibodi ikiwa imeshafungwa.