Msuli Sokoni Chienge

Ziwa Mweru halina adabu kwa mgeni. Tulipokaribia ufuko wa Chienge, upande wa Zambia, wimbi lilipanda mtumbwini bila nauli, likaketi mapajani mwangu. Begi nalo likanywa lake. Nikashuka nachuruzika, nikaelekea sokoni kutafuta cha kujisitiri.

Nilianzia kwenye salaula, yaani mitumba. Jina lenyewe la Kibemba linahusu kuchakura na kuchagua. Nikachakura. Nikaambulia koti la theluji na kaptula ya mtoto.

"Mwaiseni mukwai!" mama muuza vitambaa akanilaki. Nikageuka kuona nimeandamana na nani, maana kanikaribisha kwa wingi. Kumbe ndiyo heshima ya Kibemba: mtu mzima mmoja husemeshwa kama msafara, hata akiwa ameloa chepechepe.

Nikaomba kuona vitenge. Yeye akasema vyake ni *ifitenge*. Jirani yake, aliyevuka kutoka Pweto upande wa Kongo, akapaza sauti kwamba *bitenge yangu* ndiyo bei poa. Mwalimu wangu wa sarufi angezirai hapohapo: nomino inavuta huku, kimilikishi kinavuta kule! Kwa mama wa Kibemba upatanisho ulinyooka: *ichitenge chandi*, *ifitenge fyandi*. Ngeli ni yetu ile ile ya KI-VI, ila wao hutanguliza irabu, na v yetu kwao ni f. Mvua ni *imfula*, kuvaa ni *ukufwala*. Ile l tuliyoiangusha sisi njiani, wenzetu wameitunza. Nilifurahi kuiona, ingawa meno yalikuwa yanagongana.

Sarufi haikaushi suruali. Nikalipa kwacha, nikazunguka nyuma ya kibanda, nikajifunga kitambaa kiunoni kama wazee wa Pwani wafungavyo msuli, nikatoka kifua mbele.

Soko likasimama. Huku chitenge cha kiunoni ni vazi la akina mama. Mwanamume akikitaka, hushonewa shati. Nikaeleza kwamba Zanzibar mwanamume hujifunga hivi na kwenda msikitini, tena kwa heshima zake. Mama wa Pweto akajitolea kutafsiri. Sijui alitafsiri nini, lakini mpaka wavuvi waliokuwa wanashona nyavu waliacha kazi.

Muuza chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, ndiye aliyenihurumia. Akaniita "bamayo", yaani mama, kwa heshima zote za wingi, akanipimia na nyongeza.