Kumtandikia Nyoka Kitanda: Kutoka Kumi Kushuka Hadi Moja

Kwanza tuelewane. Nani kakutuma ufuge nyoka, hilo ni lako na wazazi wako, mimi simo. Umehamia Leeds au Minneapolis, nje theluji, chumbani nyuzi 18, na ndani ya tangi la kioo juu ya meza yupo chatu mpira, yule mfupi mnene wa Ghana, Togo na Benin ambaye akiogopa hujiviringa na kuficha kichwa katikati. Huyu hatengenezi joto mwilini unavyotengeneza wewe. Lake lote ni la kuazima. Akilikosa, chakula hakisagiki, na panya uliyemlisha Jumamosi atarudishwa mezani Jumanne, akiwa na harufu ambayo utawasimulia wajukuu. Baridi ikiendelea, kifua kinambana, anaanza kupumua kwa mluzi huku mapovu yakimtoka mdomoni.

Kinachomfaa ni nafasi ya kuchagua. Upande mmoja wa kizimba uwe nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 24 hadi 27, naye atajihamisha mwenyewe kutwa nzima, kama paka anavyolifuata jua barazani. Haya yote yanayofuata ni ya kumpa chaguo hilo bila kumchoma, na bila kuichoma nyumba.

Msomaji uliye Kenya au Tanzania, wewe soma kwa kujifurahisha. Mnyamapori hafugwi bila kibali, na "nimemwokota shambani kwa babu" si kibali.

10. Jiwe la joto

Linauzwa ndani ya boksi lenye picha ya mjusi anayetabasamu. Mjusi hakuulizwa. Jiwe hili la bandia lina waya wa umeme tumboni, na mara nyingi linachemka sehemu moja huku nyingine ikiwa vuguvugu. Nyoka naye ana tabia ya ajabu: anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza asitoke, mpaka magamba ya tumbo yabadilike rangi. Kama umeshalinunua, lizuie mlango usijifunge.

9. Taa nyekundu ya usiku

Kizimba si klabu ya Sinza. Nyoka anahitaji giza lake usiku, basi.

8. Gazeti

Msiniguse kwa gazeti. Kwa nyoka mgeni, wiki zake za kwanza nyumbani, hakuna tandiko linaloshinda gazeti au karatasi za jikoni. Kinyesi unakiona mara moja. Utitiri ukiwapo, na nyoka wa dukani huja nao mara nyingi tu, utauona vidoti vyeusi vikitembea juu ya karatasi nyeupe. Ni rahisi, linabadilishwa kwa dakika mbili, na mwishowe tahariri imepata msomaji anayeipitia mstari kwa mstari, kwa tumbo.

Shida yake ni moja: halishiki unyevu, na nyoka hawezi kuchimba gazeti. Akishazoea nyumba, mtafutie kitanda cha maana.

7. Maranda

Unayajua kutoka bandani kwa kuku. Ndiyo maana watu wengi huyakimbilia, na ndipo penye mtego. Maranda ya mwerezi ni mwiko kabisa. Ile harufu nzuri inayofukuza nondo kabatini ni mafuta ya mti yakipanda hewani, na nyoka aliyefungiwa ndani ya sanduku anayavuta usiku na mchana. Msonobari mbichi nao ni wa ukoo huohuo wa matatizo. Salama ni maranda ya aspeni, mti wa nchi za baridi usio na mafuta ya namna hiyo.

Nyoka wa mahindi, yule mwekundu wa kusini mashariki mwa Marekani, anayapenda kwa sababu hushikamana akichimba, na njia zake za chini hazimporomokei. Ila yakilowa yanaota ukungu. Kwa hiyo chatu mpira, anayetaka hewa yenye unyevu wa asilimia 60 hivi, umwondoe hapo.

6. Makumbi ya nazi

Hapa naomba watu wa pwani mkae chini kabla ya kuendelea. Lile kumbi mnalochochea nalo moto, mnalolitupa nyuma ya nyumba, huku nje linasagwa, linagandamizwa kuwa tofali, linafungwa kwa nailoni na kuuzwa kwa pauni. Shangazi yako wa Pangani akisikia umelinunua, na tena kwa ajili ya nyoka, ataitisha kikao cha ukoo.

Lakini ukweli usemwe: kwa chatu mpira ni kitanda cha heshima. Tofali unalimwagia maji ya uvuguvugu, linafura na kujaza ndoo. Kipimo chake ni mkono wako. Chota, fumba ngumi, kamua: likishikamana bila kudondosha tone, sawa. Maji yakikutiririkia kiwikoni, umetengeneza kinamasi, na nyoka anayelala kwenye kinamasi huoza magamba ya tumbo. Likipeperuka vumbi, umelikausha mno. Wengi tunapenda yale yaliyokatwa vipandevipande kuliko yaliyosagwa unga, maana unga unaganda kwenye panya na kuishia mdomoni.

Unyevu huo una kazi yake siku ya kujivua gamba. Kwenye hewa kavu gamba linatoka vipande vipande, na kipande cha jicho kinabaki kimegandia. Kujivua gamba si mchezo. Waulizeni CCM, chama tawala cha Tanzania, walitangaza kujivua lao 2011.

5. Mchanga

"Si nyoka wa jangwani? Mpe mchanga!" Kwa chatu mpira na nyoka wa mahindi, hapana: hawatoki jangwani, na mchanga uliogandia kwenye chakula huweza kuwazibia utumbo. Ule mchanga wa rangi unaodaiwa kumeng'enywa tumboni usiulete kabisa. Ukilowa unaganda.

Yupo mmoja tu kwenye orodha hii mwenye haki ya kudai mchanga, na ni mtu wetu: boa wa mchanga wa Kenya. Jina la kitaalamu ni *Eryx colubrinus*, Linnaeus alimwandika 1758, na anaishi kwenye nchi kavu kuanzia kaskazini mwa Tanzania, Kenya na Somalia hadi Misri. Leo yuko kwenye vyumba vya kulala vya vijana wa Ohio. Ana rangi ya chungwa na mabaka ya kahawia, jike huzidi nusu mita kidogo, dume ni mdogo mno kwa mkewe. Anajizika, anabakiza macho, anangoja chakula kipite. Utamlipia umeme, utamnunulia panya, na kwa wiki nzima utakachokiona ni sanduku la mchanga.

Mpe sentimita 7 hadi 10 za kuchimba, mchanga uliochanganywa na udongo, au aspeni ileile. Halafu zingatia hili: mawe na bakuli zito la maji yakae kwenye sakafu ya kioo, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, bwana mkubwa atachimba chini yake, na jiwe litamshukia mgongoni.

4. Mapango mawili

Si moja. Ukimpa pango upande wa joto pekee, unamlazimisha achague kati ya usalama na afya, na nyoka mwoga atachagua usalama, hata kama anaiva. Liwe dogo kiasi cha kumgusa mbavu pande zote. Lile fuvu kubwa la plastiki lenye matundu kila upande umejinunulia wewe.

3. Joto la juu

Jua halitoki chini ya sakafu, kwa hiyo taa ya juu ina mantiki yake. Inapasha hewa, na mawe ya chini yanashika joto. Usiku tumia kifaa cha kauri kinachotoa joto bila mwanga. Kichomeke kwenye soketi ya kauri, maana soketi ya plastiki itakulilia machozi mazito, meusi. Na kiwekee wavu. Nyoka hupanda, na asipozuiwa atajizungushia kifaa chenye moto kwa mapenzi yote.

2. Mkeka wa joto

Unabandikwa nje, chini ya kioo, usizidi theluthi ya sakafu, kwenye upande mmoja. Sio katikati! Ukiuweka katikati hakuna tena upande wa baridi. Acha upenyo mdogo chini ya tangi hewa ipite.

Sasa ubishi uliopo kati ya mkeka na kitanda. Ukitandika makumbi sentimita nane juu ya mkeka, juu utapima nyuzi 26 na kulalamika mkeka mbovu. Chini kabisa, kwenye kioo, joto limenaswa na linapanda. Nyoka anayetafuta joto hukaa juu? Anachimba mpaka akutane na kioo. Kwa hiyo juu ya mkeka tandika kwembamba, sentimita moja au mbili, unene uwe upande wa pili. Kitanda kikiwa kinene kote, hamia joto la juu.

1. Themostati

Kifaa chochote cha joto kisicho na themostati ni jiko lililoachwa limewaka. Mkeka unatosheka na ile ya kuwasha na kuzima. Balbu ya mwanga inataka ile ya kupunguza taratibu, la sivyo itawaka na kuzimika usiku kucha, na nyoka atadhani kuna polisi.

Hatari imejificha kwenye kichwa chake cha kupimia. Nyoka akikivuta na kukiangusha upande wa baridi, themostati itasoma nyuzi 24 na kuendelea kuchochea moto upande wa pili. Bakuli la maji likimwagika juu yake, vilevile. Kwa mkeka, kibane kati ya mkeka na kioo, nje, nyoka asikokifikia. Na ndani ya kizimba usibandike selotepu. Nyoka atajipitisha, itamshika, na utakapoibandua itatoka na magamba.

Halafu usiiamini themostati pekee. Weka kipimajoto cha kidijitali kila upande. Kile cha mviringo cha kubandika ukutani ni pambo. Washa kila kitu kabla ya kumleta nyoka, uache siku mbili tatu, upime asubuhi na usiku wa manane heating ya nyumba ikiwa imezimwa. Namba zikiruka, nyoka abaki dukani. Kule ana mkeka.