Safu ya Ushauri: Waliosumbuliwa na Ruwaza

Barua ya kwanza imetoka kwa karani mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambaye namba 7 imekuwa ikimwandama tangu mwaka uanze: daladala aliyopanda ilikuwa na 77 katika namba yake ya usajili, risiti ya duka la dawa ilisomeka shilingi 7,700, na umeme wa nyumbani kwake umekatika mara mbili saa saba mchana. Karani anauliza kama kuna kitu nyuma ya mambo haya kinachosema naye, na kama inafaa kumwomba mwenye nyumba asubiri kodi hadi tarehe 7.

Swali lake ni la metafizikia, yaani tawi la falsafa linalochunguza misingi ya kuwapo kwa vitu na mahusiano yao, wala si elimu ya majini kama wanavyodhani baadhi ya wauza vitabu. Hata hivyo, njia ya kulifikia hupitia kwanza katika saikolojia. Mwaka 1958 tabibu wa akili wa Ujerumani, Klaus Conrad, aliita apofenia ile hali ya mgonjwa kuona maana na uhusiano mahali pasipo na chochote, na baadaye istilahi hiyo ikapanuliwa hadi kuwahusu watu wenye akili timamu, makarani wakiwamo. Wakazi wa London waliipata kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipoamini kwamba mabomu ya V-1 ya Wajerumani yalichagua mitaa. R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima, alichapisha mwaka 1946 uchambuzi wa eneo la kilomita za mraba 144 kusini mwa jiji hilo, ambalo aligawa katika viraba 576 vilivyo sawa, vikiwa vimepokea mabomu 537 kwa jumla. Viraba 229 havikuguswa kabisa, ilhali kanuni ya Poisson, inayokadiria jinsi matukio yatakavyotawanyika endapo yanaongozwa na bahati nasibu tupu, ilitarajia karibu 227. Bahati nasibu haitandazi vitu sawasawa. Huvilundika hapa na kuviacha pale, na macho ya binadamu huuona mlundiko na kuusahau uwazi. Kwamba kiraba kimoja kiliangukiwa na mabomu 7 ni jambo ambalo karani anaombwa asilitilie maanani. Anashauriwa kuandika katika daftari kila 4 na kila 6 inayompitia kwa mwezi mzima, na kodi ailipe tarehe iliyomo katika mkataba.

Mwanachama wa chama cha akina mama 30 huko Nakuru analalamika kwamba wenzake wawili waligunduliwa kuwa na siku moja ya kuzaliwa, na mwenyekiti, akiona hiyo ni ishara, akawakabidhi ufunguo wa kasha la fedha. Watu 30 hufanya jozi 435, na uwezekano wa angalau jozi moja kushiriki siku ya kuzaliwa ni takriban asilimia 70. Metafizikia haina la kuongeza hapa, ila mkaguzi wa hesabu huenda akawa nalo.

Barua ya tatu ni nzito zaidi. Mvuvi mzee wa Mkokotoni, Unguja, anaeleza kwamba mwanawe amerudi kutoka chuo kikuu akidai kuwa kila ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia, ni apofenia, ikiwamo bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, kwa kuwa mwanafalsafa Hume amethibitisha kwamba hakuna aliyewahi kuiona sababu.

Kijana amesoma nusu ya kitabu. David Hume, Mskoti, alidai kuanzia mwaka 1739 kwamba binadamu huona tukio likifuata tukio bila kukiona kifungo chenyewe, na kwamba matarajio yake huzaliwa na mazoea. Hakusema kwamba maji hayatakupwa. Mwezi unapoandama na unapopevuka, mvuto wake na wa jua hushirikiana na kuleta bamvua. Katika robo za mwezi mivuto hiyo hupingana, yakawa maji mafu. Na saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku kwa sababu mwezi nao unasafiri. Mzee anaweza kutaja leo maji ya majuma mawili yajayo na kuumbuka hadharani akikosea, ujasiri ambao karani wa Kariakoo hajauonyesha kuhusu risiti ya kesho. Linalobaki ndilo la metafizikia hasa: je, kanuni ni muhtasari tu wa yanayotokea, kama wanavyoshikilia wafuasi wa Hume, au ni uhusiano halisi unaozifunga sifa za vitu, kama alivyotetea Mwaustralia David Armstrong mwaka 1983? Ubishi huo haujaisha na hautaishia Mkokotoni.

Mzee, basi, asibishane. Siku ya mwezi mpevu, maji yakiwa yamejaa, amwachie kijana afunge mashua mahali apendapo na waende wakale; na wakirudi waikute imelala juu ya mchanga, kijana ndiye atakayeilinda mpaka maji yarudi, akiwa na muda wa kutosha kumalizia ile nusu ya pili.