Duara la Jirani

Ewe daktari mtarajiwa wa India, pole na NEET, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari. Viatu vya kufunika ni marufuku, mikono mirefu marufuku, hereni zivuliwe mlangoni. Kalamu unapewa hukohuko. Vyote vinakaguliwa isipokuwa haraka yako. Hiyo imepita na mkaguzi kaipa njia.

Tangu 2025 ni maswali 180 kwa dakika 180. Na katika mengine wamepachika kineno “si”, kifupi tu, wala hakimtishi mtu. Ipi kati ya kauli hizi si sahihi? Wewe umeiona ya kwanza ni sahihi, moyo umeruka, duara la jibu umeshalipaka wino. Alama 4 hukuzipata, na 1 umekatwa. Swali likiachwa wazi halikatwi kitu, kwa hiyo mwenzako aliyesinzia hapo amekushinda usingizini.

Halafu yupo yule bingwa wa kuruka maswali. Swali la 57 limemshinda, akaliacha kiungwana kabisa. Jibu la 58 akalilaza kwenye duara la 57, na yaliyobaki yakafuata kama kondoo. Majibu yote yapo, tena mazuri, ila kila moja limelala nyumba ya jirani. Wino wenyewe haufutiki.

Kwenye fizikia nako umesahau kugeuza vipimo: kilomita kwa saa huwa mita kwa sekunde kwa dua tu.

Ukitoka utasema, “Nilijua, niliteleza tu.” Kamwambie mama, atakuelewa. Mashine ya kusahihishia haijawahi kuzaa.