Tiki-Tiki ya Alfajiri

Ilikuja kila alfajiri lori likiwashwa: tiki-tiki-tiki, kavu, ya haraka, mfano wa cherehani inayoshona katika chumba cha pili. Lori lenyewe ni Isuzu Elf ya injini 4JB1, dizeli ya lita 2.8, na dashibodi yake inasoma zaidi ya kilomita 400,000. Kwa lori hilo baba watoto huenda Masaka, kilomita kama 130 kutoka Kampala, akarudi na matoke ya kuuza Kibuye na Ggaba. Karo inatoka humo. Kodi ya nyumba hapa Kansanga inatoka humo. Kwa hiyo injini ile ikitoa sauti ngeni, nyumba nzima huacha inachofanya na kusikiliza.

Ua wetu ni mdogo na lori hulala chini ya dirisha la jikoni, basi kila mtu alikuwa na lake. Binti yetu alisema ni feni inagusa kava. Jirani mwendesha boda alisimama getini, akainamisha kichwa, akatoa hukumu: "Mzee, hiyo ni metali ya konrodi. Shusha injini kabla haijatoboa bloku." Maneno hayo yalimnyima baba watoto usingizi. Kushusha injini maana yake ni kusaga krenki, kununua metali mpya na kuliacha lori limekaa, na wakulima wa Masaka hawawezi kukuwekea mikungu ikaiva shambani. Mimi nilitaka jambo moja tu: ijulikane kwanza ni nini, ndipo fedha zitoke.

Fedha zilitoka kwanza. Lori lilipelekwa gereji moja upande wa Katwe. Ukitoka Kansanga asubuhi unashika Barabara ya Ggaba, unakwama Kabalagala, unajikokota mpaka Kibuye, na ukifika Katwe injini imeshapata moto sawasawa. Fundi alisikiliza, hakusikia kitu cha kueleweka, lakini orodha akaandika. Oili ikabadilishwa pamoja na filta. Tapeti zikapimwa kwa fila na kukazwa upya injini ikiwa bado ya moto, ilhali kwa 4JB1 mwanya wa valvu ni milimita 0.40 na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Kesho yake alfajiri, tiki-tiki ikawa pale pale. Fundi akahamia kwenye nozeli. Baba watoto akashuka soko la Kisekka, kule wanakouza vipuri kuanzia taa hadi injini nzima, akarudi na nozeli nne zilizotumika. Zikafungwa. Lori likanguruma vizuri zaidi, sikatai, lakini sauti yetu haikwenda popote.

Aliyelitatua fumbo ni mama mkwe, ambaye maishani mwake hajashika spana. Yeye huamka kabla ya wote, hukoleza mkaa na kuteleka sufuria ya chai, na lori huwashwa akiwa pale dirishani. Siku moja alimwita mwanawe jikoni. "Mwanangu, hicho kitu hakilii kutwa nzima. Ukiwasha kinaanza, na chai ikichemka kimeshanyamaza. Huko gerejini mnapeleka lori ambalo halilii." Asubuhi iliyofuata nilisimama naye, yeye anatazama sufuria na mimi natazama lori. Ilikuwa vilevile kama alivyosema. Kumbe fundi wa gereji alikuwa akitafuta kwa bidii kitu kilichokuwa kimekwisha kunyamaza Kabalagala.

Wafanyabiashara wenzake wa matoke walimwelekeza baba watoto kwa fundi mmoja mzee, makanika wa malori tangu ujana wake. Sharti lake lilikuwa moja: mtu yeyote asiguse ufunguo kabla hajafika. Alikuja baada ya adhana ya alfajiri, akaamkiana na mama mkwe kwa heshima zote, akainua kabini, akapitisha kiganja juu ya injini kuhakikisha ni baridi. Ndipo akasema, "Washa, ssebo."

Hakuanza na spana. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye kava ya valvu na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, maana sauti ya chuma husafiri ndani ya chuma. Akahama kutoka silinda hadi silinda. Tapeti zilikuwa zikigonga kwa mpangilio, hakuna iliyozidi mwenzake. Kisha akatoa kipande cha mpira wa maji, upande mmoja sikioni, upande wa pili akautembeza kando ya manifoldi ya eksosi. Alipofika silinda ya nne alitulia, akamkabidhi baba watoto mpira asikilize mwenyewe. Mwisho alilegeza nati ya bomba la dizeli linalokwenda kwenye nozeli ya nne. Injini ikatetemeka, na tiki-tiki ikafa papo hapo. Akakaza, ikafufuka. (Jambo hilo lifanyike kwa injini za zamani zenye pampu ya kawaida tu. Katika dizeli za kisasa za komoni reli presha ya mafuta huweza kuzidi bar 1,000, nayo hupenya ngozi na kuharibu mkono.)

Alitueleza taratibu, na ninayaandika maelezo yake kwa sababu naona wengi wanaibiwa hapa. Katika injini ya namna hii kila valvu hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Krenki ikizunguka mara 750 kwa dakika, valvu moja hugonga kama mara sita kwa sekunde. Moshi wa silinda moja nao hutoka kwa mwendo huo huo, kwa hiyo ukipata upenyo utalia kama tapeti na sikio lisitofautishe. Lakini joto linatofautisha. Metali iliyolika huzidi kugonga injini ikipata moto, kwa sababu oili huwa nyepesi. Hii yetu ilikuwa inapungua ikipata moto, maana yake kuna chuma kinapanuka na kuziba tundu.

Akamulika tochi. Chini ya silinda ya nne palikuwa na alama ya masizi meusi kwenye gasketi, na stadi ya mwisho ya manifoldi ilikuwa imekatika ndani ya silinda hedi. Manifoldi ni chuma cha kusubu. Hupanuka na kusinyaa kila siku, na stadi za mwishoni ndizo zinazovutwa zaidi.

Kuitoa ilikuwa kazi ya subira: nati ikachomelewa juu ya kipande kilichobaki, ikamwagiwa oili nyepesi, ikazungushwa robo mbele robo nyuma mpaka ikakubali. Uso wa manifoldi ulikuwa umepinda, ukanyooshwa kwenye karakana ya Katwe yenye mashine ya kusaga, na kwa mikono ile ya Katwe nina heshima kubwa. Stadi zote zikawekwa mpya, na gasketi. Vyote kwa jumla viligharimu kidogo kuliko zile nozeli.

Lakini kilichonigusa ni kingine. Kiti cha katikati cha Elf kiko juu ya injini, na hapo ndipo mwanetu mdogo hukaa wakati wa likizo akienda Masaka na baba yake. Alikuwa akirudi na kichwa kinamuuma. Fundi alipofunua zulia la kabini alituonyesha masizi yaliyopenya kwenye tundu la nyaya. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tulikuwa tunahofia krenki, kumbe cha kuhofiwa kilikuwa kifua cha mtoto.

Ndugu msomaji mwenye lori la zamani, likilia asubuhi na kunyamaza mchana, usilipeleke gereji likiwa la moto. Mwite fundi nyumbani kabla hujaliwasha, mwambie aanze na gasketi ya manifoldi, kisha funua zulia la kabini utazame kama kuna masizi.