Matumbawe Juu ya Kochi

Nyumbani kwangu, Mtwara mjini, kila kitu kimevishwa. Kochi lina kitambaa, jagi lina kitambaa. Televisheni inacho pia, na pindo lake linaning'inia hadi golini. Mechi nzima namtafuta kipa. Gesi ya Msimbati inapita zake kwenye bomba kwenda Dar es Salaam, mtungi wangu mtupu, lakini una kitambaa.

Mama Zuhura hufuma asubuhi mpaka usiku. Nikiulizia hela ya uzi, sindano ndiyo inayonijibu.

Juzi Zuhura akaniletea simu. "Baba, hebu tazama." Nikaona mwamba wa matumbawe wa rangi zote, nikajua ni wa huku kwetu. Kumbe uzi! Mapacha wawili wa Australia, Margaret na Christine Wertheim, walianza kuufuma Los Angeles mwaka 2005 kwa uchungu wa mwamba wa kwao, Great Barrier Reef. Wakamkaribisha kila mwenye sindano, na watu zaidi ya 10,000 wameshafuma nao. Mwaka 2019 uzi huo ulikuwa Venice, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa.

Nikasema huo ni ushamba wa kizungu. Zuhura akanitolea hesabu. Wanahisabati walikuwa na umbo moja, la kihaipaboli, gumu kulishika mkononi. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, akalifuma kwa uzi. Kila baada ya mishono kadhaa unaongeza mmoja, wala huachi. Kitambaa kinakosa pa kukaa, kinajikunja marinda kama kabichi, kama tumbawe lenyewe.

"Marinda tu?" Mama Zuhura hakuinua hata macho. Akanirushia kitambaa cha jagi. Nikavaa miwani, nikahesabu pindoni: mishono sita, na wa saba umechomekwa tundu moja na wa sita. Nikarudia. Sita, na wa saba.

Nikabaki na hoja moja: ya Venice yana rangi, haya yetu meupe kama sanda. Zuhura akaniwahi. Maji yakizidi joto, tumbawe hufukuza vijimwani vinavyolilisha na kulipa rangi, likabaki jeupe. Pwani yetu iliyaona hayo mwaka 1998. Na wale mapacha wamefuma meupe pia.

Nikanyamaza. Sisi wa huku matumbawe tumeyajengea Mikindani, tumeyachoma chokaa, na wapo walioyalipua kwa baruti wapate kitoweo. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo tangu mwaka 2000. Kufuma hatukuwahi kufikiria.

Sasa hela ya uzi imepanda, eti sayansi. Ukija kunitembelea, mgeni wangu, karibu jamvini. Kochi la kushoto ni bahari.